Kustaafu kwa Ndugu Kisima Namba Saba

Nchi yenyewe ipo pale ramani inapokunjwa. Ndiyo maana jina lake limefutika, na wanafunzi wakiulizwa iko wapi huweka kidole kwenye mkunjo na kusema, "Hapa hapa, mwalimu." Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wenye beti kumi na nne, ina mawaziri wengi kuliko mbuzi, na ina visima tisa vya mafuta, ambavyo vyote ni waajiriwa wa serikali.

Usicheke kwanza. Siku ile ya uhuru, Mwasisi alipanda jukwaani akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo kila kisima kitaitumikia serikali. Karani aliyesimama nyuma yake alikuwa mtu mwangalifu, si wa kuuliza maswali. Kabla hotuba haijaisha alikuwa ameshavifungulia visima vyote tisa majalada ya ajira. Tarehe ya kuzaliwa, akajaza. Mahali pa kuzaliwa, akaandika "chini". Hali ya ndoa, akaandika "hakijaoa". Tangu hapo visima vina vyeo, na kila mwaka vina likizo ya siku ishirini na nane, ambapo pampu husimamishwa na kufunikwa chandarua. Kisima Namba Nne kiliwahi kupewa onyo kali kwa kuchelewa kazini. Kisima Namba Mbili kilihamishiwa mkoa mwingine, na mpaka leo kinahesabiwa mtoro maana hakijaripoti.

Sasa, Kisima Namba Saba kilikuwa katika mji mdogo uitwao Mchirizi, na mwangalizi wake alikuwa Fundi Mwinjuma Kapera. Kwa miaka thelathini na nane Fundi Mwinjuma alikuwa akiipaka grisi pampu ile, inayoinama na kuinuka kama kuku anywaye maji. Akiamka huisikiliza kwanza kabla ya kumsikiliza mkewe, na mkewe, Bi. Siwatu, alishalizoea hilo, kwa sababu na yeye alikuwa na lake pale kisimani. Gesi iliyopanda pamoja na mafuta ilipita kwenye bomba jembamba hadi kwenye tanuri lake la mikate. Mji mzima ulikula boflo za Bi. Siwatu. Kuni Mchirizi hakuna, mkaa hakuna, kuna mawe na kisima.

Asubuhi moja ikaja barua, na bahasha yenyewe haikuandikwa jina la Fundi Mwinjuma. Iliandikwa hivi:

"Ndugu Kisima Namba Saba,

YAH: KUSTAAFU KWAKO KWA MUJIBU WA SHERIA

Husika na somo tajwa hapo juu. Kumbukumbu zinaonesha kuwa umetimiza umri wa miaka sitini. Aidha, utendaji wako umeshuka kutoka mapipa mia nane kwa siku hadi mapipa kumi na moja, jambo linaloashiria uzee au kiburi. Unaarifiwa kuwa baada ya siku tisini utafanyiwa hafla ya kuagwa, kisha utajazwa saruji. Wizara inakutakia maisha mema huko uendako.

Tafadhali weka sahihi kuthibitisha kuwa umesoma na kuelewa."

Fundi Mwinjuma akaenda kuisoma kwa sauti mbele ya pampu, maana sheria ni sheria. Kisha akachovya kitambaa kwenye mafuta, akagonga doa jeusi penye nafasi ya sahihi.

"Huko uendako ni wapi?" Bi. Siwatu aliuliza, mikono imejaa unga. "Kinakwenda wapi nacho kimezama ardhini?"

"Wakikijaza saruji, mke wangu, hakiendi popote. Na gesi yako ndiyo imekwisha."

"Kwani kweli kimezeeka?"

"Kimezeeka, sikatai. Lakini mapipa kumi na moja ni uongo. Mimi hapa napima arobaini kila siku, naandika ubaoni. Yanatoka hapa arobaini, yanafika wizarani kumi na moja. Na barabara ni tambarare tupu, sijui hayo mengine yanaporomokea wapi."

Wote wawili wakatazama kule upande wa mashariki, hatua kama mia nne kutoka kisimani, palipokuwa na jengo kubwa lisilo na dirisha hata moja. Mlangoni paliandikwa MRADI WA KUKU WA MHESHIMIWA. Lilikuwa na umri wa miaka sita, na hakuna mtu Mchirizi aliyewahi kusikia jogoo akiwika.

"Kuku wenyewe wana adabu sana," Bi. Siwatu akasema.

Kisha Fundi Mwinjuma akavuta sufuria la ubwabwa uliobaki jana. "Tazama hapa. Hawa watu wamepakua katikati tu, miaka sitini, mwiko unashuka pale pale. Wakigonga chini wanasema ubwabwa umekwisha. Na pembeni huku je?" Akakwangua ubavu wa sufuria, ukatoka wali wa kushibisha watu wanne. "Mafuta ndiyo yamekaa hivi. Sihitaji kisima kipya. Nateremsha mpira mrefu ndani ya kisima hiki hiki, mwishoni una pua inayorusha maji kwa nguvu. Ukifika kule chini unapindishwa, unatoboa bomba la kisima ubavuni, unaingia kwenye mwamba hatua mia upande huu, hatua mia upande ule. Kisima kinavuta pumzi upya."

"Basi nenda kawaambie."

"Nitawaambia."

"Mwinjuma, wape na boflo. Mtu mwenye shibe anaelewa upesi."

*

Wizara ya Mambo ya Chini ilikuwa ghorofa ya kumi na mbili. Ilisimamia visima, makaburi, mihogo, karanga na panya buku. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Daktari Pazi Mlangira; alitunukiwa udaktari mara mbili na chuo kimoja katika wiki moja, na hakutaka hata mmoja upotee. Huyu ndiye mwenye kuku.

Fundi Mwinjuma akamweleza habari ya sufuria. Mheshimiwa alisikiliza huku akitafuna boflo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee wangu, hoja yako ni nzuri sana, na ndiyo maana siwezi kuipokea. Unasema mafuta yapo pembeni?"

"Pembeni, Mheshimiwa."

"Hii ni Wizara ya Mambo ya Chini. Kuna wenzetu wa Mambo ya Juu, wana mvua, kunguru na nyaya za simu. Pembeni hakuna mwenyewe. Mimi nikichimba pembeni nitakuwa nimevuka mamlaka yangu, na wewe hutaki Waziri wako avuke mamlaka yake."

"Lakini ni pembeni ya chini, Mheshimiwa."

Hilo halikuwahi kufikiriwa na yeyote katika historia ya nchi. Waziri akaunda kamati papo hapo, na kamati, ili ielewe mwendo wa ubavu, ikaenda ziara ya mafunzo ufukweni kuwaangalia kaa. Ilikaa siku kumi na tisa. Ilirudi na ripoti yenye kurasa mia mbili, iliyothibitisha kwamba kaa huenda ubavu bila kuathiri usalama wa taifa, na kwamba ni watamu wakitiwa ndimu.

Fundi Mwinjuma alikuwa akilala kwenye benchi la mapokezi na kuhesabu siku. Zilikuwa zimebaki hamsini na mbili alipoitwa tena. Safari hii alikuwepo Injinia Fulgensi Tarimbo, Mkurugenzi mpya wa Uelekeo, aliyevaa kofia ngumu humo humo ofisini, isije dari ikashuka.

"Kamati imekubali," Mheshimiwa akasema. "Limebaki jambo dogo tu. Uzinduzi."

Hapo inabidi kueleza. Ibara ya kwanza ya katiba ya nchi ile inasema kwamba hakuna kitu kilichopo mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi kisichoonekana na Mgeni Rasmi. Lipo daraja moja ambalo watu walilivuka miaka tisa kabla utepe haujakatwa, na wote waliolivuka wameandikwa serikalini kuwa waliogelea.

"Hilo shimo lako la pembeni," Injinia Tarimbo akauliza, "litakuwa umbali gani kwenda chini?"

"Mita elfu moja na mia mbili."

"Na Mkuu wa Nchi ataliona vipi?" Mheshimiwa akaruka. "Tumshushe kwa ndoo? Unataka kumshusha Mkuu wa Nchi kwa ndoo?"

"Hapana, Mheshimiwa, sikusema ndoo."

"Ndoo umeifikiria!"

Injinia Tarimbo akainua mkono. Alikuwa na uso wa mtu ambaye wazo limemshukia na linamuuma. "Mheshimiwa, naona tatizo si kuchimba pembeni. Tatizo ni kina. Tukikiondoa kina, tatizo limekwisha. Tuchimbe pembeni, lakini juu. Usawa wa kifua cha Mgeni Rasmi."

Watu wakapiga makofi. Mmoja akalia kidogo.

"Injinia," Fundi Mwinjuma akasema taratibu, "usawa wa kifua hakuna mwamba. Kuna hewa."

"Ndiyo maana kazi itakwenda haraka, mzee."

Fundi Mwinjuma alitaka kucheka, akaikumbuka saruji. Akatazama orodha ya vifaa mezani, akaona mtambo wa kuchimbia, pampu ya maji ya nguvu, na huko mwisho kabisa, mpira mrefu wenye pua ya kurushia maji.

"Wazo zuri sana," akasema. "Naomba tu vifaa vije vyote. Hata huo mpira."

"Wa nini na tunachimba hewa?"

"Wa mapambo, Mheshimiwa. Tutauviringisha jukwaani."

Mheshimiwa akaona ni jambo la heshima. Injinia akachukua rula, akaweka kwenye ramani ya Mchirizi, akapiga mstari mnyoofu kutoka kisimani kwenda mashariki, hatua mia nne. Kwenye ramani hapakuwa na kitu upande huo. Mheshimiwa Daktari Daktari akatia sahihi mara mbili.

Na ni kweli, kwenye ramani hapakuwa na kitu. Mradi wa kuku haukuwahi kuzinduliwa.

*

Mtambo ulifika Mchirizi ukalazwa ubavu juu ya vitanda sita vilivyoazimwa zahanati, na wagonjwa wakaombwa wapone kwa wiki mbili. Majaribio yakaanza. Injinia Tarimbo alituma taarifa mji mkuu kila jioni, na kila taarifa ilisomwa redioni: "Mwamba ni laini kupita kiasi. Leo tumekwenda mita sitini kabla ya chai. Hatujakuta jiwe, hatujakuta maji. Tumekuta nzi."

Siku ya nne keekee ya mtambo, ile ncha kubwa ya kutobolea, ilipita kwenye kamba ya nguo za Bi. Siwatu ikaondoka na kanga mbili. Siku ya tano iliingia kwa kinyozi na kutokea upande wa pili, na mteja akatoka na mtindo ambao vijana wanauiga hadi leo. Siku ya sita ilitoboa ukuta wa mahakama katikati ya kesi, hakimu akaahirisha shauri na kumwachia mshitakiwa, akidhani ni rufaa. Hapo Injinia akasimamisha kazi, ili hatua mia moja za mwisho Mkuu wa Nchi azishuhudie mwenyewe.

"Mwinjuma," Bi. Siwatu akamwambia mumewe, "mimi nimevumilia kanga. Lakini huo mtambo ukilazwa hivyo hivyo, kisima changu kinapona saa ngapi?"

"Subiri."

"Zimebaki siku tatu!"

"Subiri, mke wangu. Mpira umefika."

Uzinduzi ukapangwa siku ya themanini na tisa. Lori la saruji nalo lilikuwa limefika, maana barua ya kustaafu haikuwa imefutwa. Liliegeshwa kando ya kisima, pipa lake linazunguka taratibu, nalo linangoja zamu yake kwenye ratiba, kipengele cha kumi na mbili, baada ya ngoma. Fundi Mwinjuma alisimama kati ya lori na pampu, kofia mkononi.

Mkuu wa Nchi akafika, akakata utepe, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Wananchi! Nchi nyingine zinachimba gizani kama fuko. Zinaficha nini? Sisi tunachimba mchana, usawa wa kifua, kila mtu anaona! Wataalamu wa kigeni walituambia mafuta yapo chini. Nani aliwaambia mafuta yetu yakae chini? Watu wetu wamesimama, na mafuta yao yatasimama!"

Akavuta nyenzo. Keekee ikaanza kuzunguka hewani, ikasonga mashariki, na Mkuu akaanza kupiga makofi. Itifaki ya nchi ile ni kwamba Mkuu akipiga makofi, hakuna linalosimama mpaka aache.

Mheshimiwa Daktari Daktari Pazi alikuwa anatabasamu kama wenzake. Kisha akafuata kwa macho kule keekee inakoelekea. Tabasamu likabaki usoni, lakini yeye mwenyewe akawa ameshaondoka.

"Injinia," akanong'ona. "Simamisha."

"Siwezi, Mheshimiwa. Anapiga makofi."

"Mle mna kuku wangu!"

"Kwenye ramani hamna."

"Tarimbo, nakusihi kama ndugu yangu!"

"Ulitia sahihi, Mheshimiwa. Mara mbili."

Keekee ikagusa ukuta wa mradi wa kuku, ikauma, ikazama. Ikasikika sauti ya bati likipasuka, kisha bati jingine, kisha mabati mengi. Mlango ukafumuka. Hakutoka kuku. Yalitoka mafuta, meusi, mazito, yakifuatwa na mapipa yaliyopangwa humo mpaka darini, yakibingirika moja baada ya jingine kama watu waliochelewa mkutano. Yakashuka mtaani, yakapita mahakamani, yakafika jukwaani, yakatulia kwenye viatu vyeupe vya Mkuu wa Nchi.

Mkuu akaacha kupiga makofi. Akachovya kidole, akanusa.

"Pazi. Kuku wako wanataga mafuta?"

Mheshimiwa akatafuta jibu kwenye udaktari wake. Daktari wa kwanza alimwangusha, na wa pili hakuja kusaidia.

"Fundi," Mkuu akageuka. "Wewe wa kofia. Haya mafuta ni ya nani?"

Watu wote wa Mchirizi wakamtazama Fundi Mwinjuma. Walijua anajua, ubao wake wenye arobaini, arobaini, arobaini ulikuwa umetundikwa pale pale nyuma yake. Angeweza kusema neno moja, na Waziri angeondoka pale kwenye gari lingine. Lakini Waziri akiondoka angekuja Waziri mwingine, na ratiba ingeendelea, na kipengele cha kumi na mbili kilikuwa kinazunguka kando yake, kimejaa mpaka mdomoni.

"Ni ya Kisima Namba Saba, Mkuu," akasema. "Miaka sita mfululizo kimekuwa kikipeleka mafuta upande ule, bila kuchoka wala kudai sifa. Kule wizarani kikaandikwa mzembe."

"Kumbe kilikuwa kinafanya kazi!"

"Usiku na mchana, Mkuu!" Mheshimiwa akadakia, pumzi imemrudia. "Mimi mwenyewe nililiona hilo mapema. Ndiyo maana nikajenga banda, kuyakinga mafuta yasinyeshewe!"

"Na mlitaka kukijaza saruji?" Mkuu akanguruma. "Mtumishi kama huyu?"

Pale pale Kisima Namba Saba kikafutiwa kustaafu. Tarehe yake ya kuzaliwa ikarekebishwa, kikawa na miaka thelathini na mitano. Kikapandishwa cheo, kikawa Mkurugenzi. Mheshimiwa akapewa nishani ya ugunduzi, na banda la kuku likaitwa Kitalu cha Mafuta cha Pazi. Saruji, kwa kuwa ilikuwa kwenye ratiba, ilimwagwa hivyo hivyo, wakajenga sanamu ya kaa. Lile shimo lililochimbwa hewani likazungushiwa uzio, na mlinzi analilinda mpaka leo lisiibwe.

*

Ungedhani mambo yameisha vizuri. Siku ya tatu ikaja barua nyingine.

"Ndugu Mkurugenzi,

Kulingana na hadhi yako mpya, unakumbushwa kuwa Mkurugenzi hatoi mafuta kwa mikono yake. Pampu isimame mara moja. Umeletewa kiti cha kuzunguka, pazia na mhuri."

Pampu ikasimama. Pazia la rangi ya zambarau likafungwa kukizunguka kisima, kiti kikawekwa ndani. Gesi ikapungua hadi moto wa tanuri ukawa mdogo kama ukucha. Bi. Siwatu akatoa boflo ya kwanza ya siku, nyeupe, laini, mbichi katikati, akaiweka mbele ya mumewe.

"Hii nayo ni habari njema," Fundi Mwinjuma akasema.

"Unaumwa?"

"Nani anaingia ofisini kwa Mkurugenzi bila miadi?"

Bi. Siwatu akafikiri. Kisha akavua aproni.

Vifaa vyote vilikuwa palepale vilipoachwa, maana serikali ile huleta vitu kwa msafara na huvisahau papo hapo. Mchana kweupe, Fundi Mwinjuma, mkewe na kinyozi wakaingia nyuma ya pazia, mlangoni wakatundika kibao: MKURUGENZI YUPO KIKAONI. Wakaukunjua ule mpira wa mapambo. Wakauteremsha mita elfu moja na mia mbili, wakaupindisha, wakatoboa bomba ubavuni, wakaanza kuusukuma kwenye mwamba, hatua mia upande huu, wakauvuta, hatua mia upande ule. Siku saba kikao kiliendelea. Maofisa waliokuja walisikia mngurumo ndani, wakaona ni mkutano mzito, wakaacha kadi zao.

Siku ya nane kisima kikakohoa. Kikakohoa tena. Halafu kikavuta pumzi ndefu, kama mzee aliyeondolewa mto usoni, na kule nyumbani tanuri likaguna na kuwaka buluu mpaka kuta zikang'aa. Nyuma ya pazia la zambarau, pampu ikaanza kuinama na kuinuka.

Habari za boflo zilizoiva zikafika mji mkuu kabla ya habari nyingine. Injinia Tarimbo akaja kukagua, kofia kichwani. Akasimama mbele ya tanuri, moto unamwakia kwenye miwani.

"Mama," akauliza, "mnaoka kwa kutumia nini hapa?"

"Kwa heshima yako, Injinia, hakuna kitu."

"Na hiki kinachowaka?"

"Kimezinduliwa?" Fundi Mwinjuma akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

Injinia akatoa daftari, akapekua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akapekua tena.

"Hapana."

"Kuna Mgeni Rasmi aliyekiona?"

"Hapana, hakuna."

"Basi, baba."

Injinia Tarimbo akalifunga daftari. Akavuta kiti, akapokea kipande cha boflo, akakipaka siagi, akakisogeza kwenye moto usiokuwepo, akangoja mpaka siagi ikayeyuka.